Feni ya rejeta inavyowanyima mashabiki mechi za ugenini

BONETI iko juu, mvuke unapanda, na vijana watano wenye jezi wamezunguka injini, kila mmoja na ushauri wake. Wa kwanza anasema maji yameisha. Wa pili anasema hiyo ni gasketi, ameshaziona nyingi. Wa tatu ameshaondoka na dumu kwenda kuomba maji kwa mama anayeuza vitunguu kando ya barabara. Dereva yuko pembeni anaangalia saa. Mpira unaanza saa 10:00 jioni Uwanja wa Sokoine, na Mbeya bado ni mbali.

Anayesafiri barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya wikiendi ya mechi kubwa ameshaiona picha hii, pengine ameshakuwa ndani yake. Ruaha Mbuyuni, kabla ya kuukamata mlima Kitonga, ndipo safari nyingi za ugenini zinapofia. Gari limechemsha. Waliochangia mafuta wanaanza kutafuta lifti, mwenye gari anabaki na mzigo wake.

Kinachouma ni kwamba mara nyingi gari hilo lilishatoa taarifa mapema. Lilianza kulalamika likiwa bado Kimara. Hakuna aliyelisikiliza, kwa sababu ndani watu walikuwa wanabishana nani aanze namba tisa.

Injini haina tofauti kubwa na kiungo anayekimbia dakika 90 kwenye jua. Inachoma mafuta ili ipate nguvu, lakini sehemu kubwa ya nishati inageuka joto. Karibu theluthi moja ya nishati ya mafuta hubebwa kama joto na maji yanayozunguka ndani ya injini. Pampu inayasukuma, themostati ndiyo mlango wa kuyaruhusu yaende kwenye rejeta, rejeta inayapoza, na feni inavuta hewa ipite kwenye rejeta hata gari likiwa limesimama.

Kwenye magari mengi ya Kijapani tuliyoyazoea, themostati inaanza kufunguka maji yakifika nyuzi joto 82 hadi 88. Feni ya umeme inaingia juu kidogo ya hapo, kwenye tisini na kitu. Ikishapoza inakaa benchi, joto likipanda inarudi uwanjani. Dereva anayeijua gari yake huisikia ikiingia na kutoka akiwa kwenye foleni. Siku haisikii tena, ndipo shida inapoanza, na wengi hawagundui mpaka sindano iguse nyekundu.

MLANDIZI INAPIMA FENI

Uzuri wa njia ya Mbeya ni kwamba inalipima gari kipande kwa kipande, kama mtu aliyepanga.

Kipande cha kwanza ni Kimara, Mbezi, Kibaha mpaka Mlandizi. Hapo kuna foleni. Gari linasogea, linasimama, malori mbele, malori nyuma, na upepo wa kuingia mbele haupo kabisa. Kazi yote ya kupoza iko kwa feni. Kama sindano ya joto inapanda gari likiwa kwenye foleni, halafu inashuka yenyewe barabara ikifunguka, mtuhumiwa wa kwanza ni feni au vitu vinavyoiwasha: fyuzi, rilei, sensa, waya na mota yenyewe.

Dereva wengi wanaifahamu dalili hiyo, tatizo ni wanavyoitafsiri. Sindano ikishuka baada ya Chalinze wanasema gari limekaa sawa. Halijakaa sawa. Limepata upepo tu. Likikimbia kilomita 60 au 80 kwa saa, hewa inayoingia mbele inatosha kupoza rejeta bila msaada wa feni. Unaweza kwenda nayo hivyo mpaka Morogoro ukidhani umepona.

Kipande cha pili ni hicho cha kwenda Morogoro, pale njia inapofunguka na gari linakwenda mwendo mmoja. Kama foleni ilipita salama lakini joto linapanda hapa kwenye mwendo, basi feni haina kosa. Angalia kwingine. Rejeta inaweza kuwa imeziba ndani kwa kutu, au nje kwa matope na wadudu. Themostati inaweza kuwa inafunguka nusu. Pampu ya maji imechoka, mkanda unateleza, au maji yamepungua tangu nyumbani. Kumbadilisha feni kwa tatizo la namna hii ni sawa na kumtoa kipa kwa sababu washambuliaji wamekosa mabao.

Baada ya Morogoro kuna Mikumi, na hapo kuna jambo moja tu la kusema. Barabara inapita katikati ya hifadhi ya taifa. Sio mahali pa kufungua boneti na kushangaa injini. Ukiona sindano inapanda kabla ya kuingia hifadhini, amua hapo hapo, simama kwenye makazi ya watu.

Halafu inakuja Kitonga. Mlima huu hauchagui. Gari linapanda kwa gia nzito, injini inafanya kazi kuliko wakati wowote wa safari, na mbele kuna lori lenye mzigo linalotambaa. Joto ni jingi, upepo hakuna. Feni iliyokuwa inafichwa na mwendo inaumbuka. Rejeta iliyoziba nusu inaumbuka. Kifuniko cha rejeta ambacho raba yake imekufa nacho kinaumbuka.

Kifuniko hicho kinadharauliwa sana, na ni moja ya vitu vya bei ndogo kabisa kwenye gari. Kazi yake sio kuziba tu. Kinashikilia presha, na presha hiyo inafanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100 bali yasogee mpaka karibu 120. Sasa kumbuka kwamba Dar es Salaam iko usawa wa bahari, lakini Mbeya iko karibu mita 1,700 juu. Kwenye mwinuko huo sufuria ya maji jikoni inachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Gari lenye kifuniko kibovu linapopanda kuelekea nyanda za juu, kiwango chake cha kuchemka kinazidi kushuka kadri linavyopanda. Ndiyo maana gari linaweza kuzunguka Kariakoo mwezi mzima bila kelele, likafia Kitonga.

BENDERA MBELE YA SHOO

Hapa mashabiki wenyewe wanahusika, na ni vizuri waambiwe.

Kila msafara mkubwa una gari lililofungwa bango au bendera mbele, limefunika shoo yote. Kwenye picha inapendeza. Kwa injini, hiyo ni sawa na kumziba mtu pua halafu umwambie apande mlima akikimbia. Hewa yote ya kupoza inaingilia pale. Kwenye magari mengi kondensa ya AC inakaa mbele, rejeta inakaa nyuma yake, na zote mbili zinategemea tundu hilo hilo. Bango likikaa hapo, hata gari zima lisilo na kasoro linaweza kuanza kupata joto.

Bendera ifungwe ubavuni au nyuma. Kama lazima bango likae mbele, basi likae juu ya kioo kwenye basi au juu ya paa, na lifungwe lisidondoke likaenda kuziba chini.

Jambo jingine ni idadi ya watu. Gari la abiria saba linabeba kumi na mmoja, mizigo imo, spika imo, AC imewashwa mpaka mwisho kwa sababu ndani kuna joto la watu. Injini hiyo inapanda Kitonga ikiwa imebeba timu nzima na benchi la ufundi.

DAKIKA KUMI KABLA YA SAFARI

Ukaguzi wa feni hauhitaji gereji kubwa. Mtu yeyote mwenye macho na masikio anaweza kuufanya nyumbani, jioni ya kuamkia safari.

Anza gari likiwa la baridi. Fungua kifuniko cha rejeta, maji yawe yamejaa mpaka mdomoni, halafu angalia chupa ya akiba iwe kati ya alama ya chini na ya juu. Rangi ya maji nayo inasema. Kulanti ina rangi yake, nyekundu, ya kijani au ya bluu. Ukikuta maji ya kahawia kama ya mto baada ya mvua, hiyo ni kutu, na rejeta inaziba taratibu. Maji ya bomba yanapoza vizuri tu, shida yake ni kutu na chumvi inayobaki ndani. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji inazuia kutu, na pia inachelewa kuchemka kuliko maji matupu.

Sasa washa gari, liache likae sailensa. Usiwashe AC. Subiri mpaka sindano ifike katikati, halafu endelea kusubiri. Feni inatakiwa iwake yenyewe, ifanye kazi kwa muda, izime, kisha irudi tena. Ikifanya hivyo mara mbili, mfumo wa kuiwasha ni mzima.

Sindano ikipita katikati na feni iko kimya, usingoje nyekundu. Washa AC. Kwenye magari mengi AC ikiwaka feni lazima izunguke. Ikizunguka, ujue mota inafanya kazi, na kosa linaelekea kwenye sensa ya joto au waya wake. Isipozunguka, zima gari uende kwenye boksi la fyuzi.

Magari mengine yana feni mbili, moja ya rejeta na nyingine ya AC. Hakikisha umeona ipi inazunguka. Wengi wanasikia mlio wa moja wanaridhika, kumbe ile nyingine ilishastaafu.

Fyuzi ya feni imeandikwa kwenye kifuniko cha boksi. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya ampea zile zile. Ikiungua tena papo hapo, mota imekwama au kuna waya unagusa bodi, na hapo anahitajika fundi umeme wa magari. Kuweka waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ni kukaribisha moto. Fyuzi haikuwekwa pale kwa bahati mbaya.

Fyuzi ikiwa nzima, angalia rilei. Mara nyingi ndani ya boksi hilo hilo kuna rilei nyingine inayofanana nayo kabisa, kwa mfano ya honi. Zibadilishane nafasi, mradi namba na miguu yake vinalingana. Feni ikiwaka na honi ikanyamaza, umeshampata mchawi.

Kama bado, chomoa soketi ya feni, peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota. Ikizunguka, mota iko hai, kosa liko nyuma yake. Isipozunguka, igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi. Mota inayoamka kwa kugongwa, kaboni zake zimekwisha. Itakubeba leo, kesho itakuacha.

Kuna jaribio jingine ambalo mafundi wa Toyota wanalitumia sana. Wanachomoa soketi ya sensa ya joto huku gari limewaka. Kwenye Toyota nyingi, gari likikosa taarifa ya sensa linaamua kujilinda na kuiwasha feni. Ikiwaka, waya na rilei ni wazima na sensa ndiyo ya kubadilisha. Sio kila aina ya gari inafanya hivyo, kwa hiyo isipowaka usikimbilie kuhukumu.

Jaribio la mwisho ni la karatasi, na linawaumbua mafundi wengi. Feni ikiwa inazunguka, shika karatasi mbele ya shoo. Inatakiwa ivutwe, igande pale. Ikisukumwa mbele, maana yake nyaya za mota ziligeuzwa siku ilipobadilishwa na feni inazunguka kinyume. Inapiga kelele, inakula umeme, mwenye gari anaisikia na kufurahi. Lakini gari likiwa kwenye mwendo inapambana na upepo unaoingia. Ni beki anayecheza kwa nguvu zote kuelekea goli lake.

Tahadhari moja: feni ya umeme inaweza kuwaka hata injini ikiwa imezimwa. Usiingize kidole pale bila kuchomoa soketi yake.

KOSTA NA MAGARI YA DIZELI

Kosta za kukodi, Land Cruiser na magari mengi makubwa ya dizeli hayatumii feni ya umeme. Feni yake imefungwa mbele ya injini, inazungushwa na mkanda, na katikati kuna klachi yenye mafuta mazito. Injini ikiwa ya moto klachi inakaza, feni inazunguka kwa nguvu. Ikipoa inalegea.

Klachi hiyo ikivuja mafuta yake, feni inazunguka kwa uvivu na hakuna fyuzi ya kuangalia. Namna ya kuipima ni rahisi. Zima injini ikiwa ya moto, funguo mfukoni, kisha izungushe feni kwa mkono. Inatakiwa ikupe ubishi. Ikizunguka yenyewe mizunguko mingi kama pangaboi la mtoto, imekufa. Angalia pia kama kuna alama za mafuta zilizorushwa kutoka katikati ya feni. Mkanda nao ukaguliwe: ukilegea au ukipasuka, kwenye magari mengi unaondoka na feni na pampu ya maji kwa pamoja.

Tawi linalokodi Kosta lina haki ya kumuuliza mwenye gari maswali haya kabla ya kutoa hela. Wengi wanauliza kuhusu muziki.

VAN GAAL ALIPOTUMIA MAPUMZIKO YA MAJI

Fortaleza, Brazil, Juni 29, 2014. Uholanzi inacheza na Mexico hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia, jua kali. Giovani dos Santos ameshaifungia Mexico mapema kipindi cha pili. Kwa sababu ya joto, mwamuzi anasimamisha mpira wachezaji wanywe maji. Kocha Louis van Gaal hakuyatumia mapumziko yale kupumzika. Aliwaita wachezaji akabadilisha mfumo. Dakika ya 88 Wesley Sneijder akasawazisha, na dakika za nyongeza Klaas-Jan Huntelaar akamaliza kwa penalti. Mwenyewe alisema baadaye kwamba aliitumia nafasi ile kuhamia mpango wa pili.

Dereva anayeona sindano inakaribia nyekundu yuko kwenye dakika hiyo hiyo ya maji. Shinikizo ndani ya gari ni kubwa. Kuna atakayesema twende tu, tutaongeza maji mbele. Kuna atakayesema suka, umebaki mlima mmoja. Kuwasikiliza hao ndiko kunakogeuza feni ya bei nafuu kuwa injini ya kununua upya. Silinda hedi ya aluminiamu ikipata joto kupita kiasi inapinda, gasketi inaungua, na bili yake haifanani hata kidogo na ya rilei.

Kabla ya kusimama kuna mbinu za dakika chache zinazoweza kukufikisha mahali salama. Zima AC. Fungua madirisha yote. Washa hita mpaka mwisho, upande wa joto, na feni yake ya ndani iwe namba ya juu. Hita ni rejeta ndogo, inatoa sehemu ya joto la injini na kulimwaga ndani ya gari. Abiria watalalamika, na kwenye joto la Ruaha Mbuyuni wana haki ya kulalamika, lakini sindano inaweza kushuka.

Isiposhuka, weka gari pembeni, washa taa za tahadhari, weka pembetatu, zima injini. Fungua boneti ukiwa umekaa mbali na mvuke.

Kifuniko cha rejeta usikiguse. Hili halina mjadala. Ndani kuna maji yaliyozidi nyuzi 100 ambayo presha pekee ndiyo inayazuia yasigeuke mvuke. Ukifungua, presha inaondoka na maji yanaruka usoni. Wapo watu wanaotembea na makovu ya jambo hili. Subiri nusu saa au zaidi. Minya mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa. Ukiwa mgumu kama tairi, presha bado ipo. Ukilegea, zungusha kifuniko taratibu huku umekifunika kwa kitambaa kinene, skafu ya timu itafaa.

Usimwage maji juu ya injini ya moto wala kuyajaza ndani kwa pupa. Chuma cha moto kikipigwa na maji baridi ghafla kinaweza kupasuka. Washa injini ikishapoa kiasi, mimina kidogo kidogo.

Halafu uliza swali ambalo watu wengi hawaulizi: maji yalikwenda wapi? Maji ya rejeta hayaliwi na injini. Mfumo ni wa kufunga, na kama yamepungua, yametokea mahali. Tafuta mpira uliopasuka, rejeta inayotoka jasho, pampu inayodondosha. Usipoona tone lolote nje, toa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe ukitoka kwenye ekzosi injini ikiwa ya moto, au mapovu yasiyokwisha kwenye mdomo wa rejeta, maji yanapita ndani. Hapo gasketi imeshakwenda na safari imekwisha, tafuteni basi.

Msimwamini sindano peke yake vilevile. Maji yakiisha kabisa, sensa inabaki kwenye hewa na geji inaweza kushuka kana kwamba mambo ni shwari. Na baadhi ya magari madogo ya Kijapani hayana sindano, yana taa tu: ya bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikichemsha. Nyekundu ikiwaka umeshachelewa.

Kama ukaguzi umeonyesha maji yapo na kosa ni feni peke yake, bado kuna njia ya kuiokoa mechi. Ikiwa AC inaiwasha feni, iwashe AC kwenye foleni na uizime kwenye mlima penye mwendo. Ikiwa feni haiwaki kabisa, gari bado linaweza kutembea kwenye tambarare kwa mwendo wa wastani bila kusimama simama. Kitonga usiupande saa saba mchana nyuma ya foleni ya malori. Subiri chini, acha nafasi itokee mbele yako, na ukiona joto linapanda katikati ya mlima, tafuta sehemu pana ya kusimama. Kulipita lori kwenye kona za Kitonga ili injini ipate upepo ni kubadilisha tatizo dogo kwa kubwa.

FUNDI WA MKATO

Barabarani hakukosekani fundi. Wengi ni wazuri, na wamewaokoa mashabiki wengi. Ila kuna matibabu mawili ya haraka ambayo shabiki ayajue kabla ya kuyakubali.

La kwanza ni kuunga feni moja kwa moja, izunguke muda wote gari linapowaka. Kama dawa ya kufika Mbeya, ni sawa, mradi waya una unene wa kutosha na umepitia kwenye fyuzi. Kama dawa ya kudumu, mota inachakaa haraka, alternata inabeba mzigo usiopumzika, na kosa lenyewe, sensa au rilei, linabaki limezikwa mule ndani. Siku mota hiyo itakapoungua hakuna atakayekumbuka iliungwaje.

La pili ni kutoa themostati na kuitupa. Hoja ya fundi ni kwamba mlango ukiwa wazi maji yanapita muda wote, kwa hiyo gari halitachemsha. Kwa themostati iliyokwama imefungwa, kuitoa kunaweza kukufikisha. Lakini injini isiyo na themostati inachelewa kupata joto lake la kazi, inakula mafuta zaidi, na kwenye baadhi ya injini themostati ndiyo pia inafunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha lile lile lililokuwa linatibiwa. Themostati mpya haina bei ya kutisha.

Wanaofika Mbeya kwa feni iliyokufa wanakutana na mtego mmoja. Hewa ya kule ni ya baridi, foleni sio ya kutisha kama ya Dar, na gari lililokuwa linasumbua njia nzima linatulia siku mbili bila sindano kusogea. Mwenye gari anaenda uwanjani, anashangilia, anarudi akisema lile lilikuwa jua tu la Ruaha Mbuyuni. Jumapili asubuhi wanageuza. Kitonga safari hii ni kushuka, injini haina kazi, kinachopata moto ni breki. Mikumi wanapita, Morogoro wanapita, Chalinze wanapita na upepo wao.

Saa 11 jioni wanaikuta foleni ya Kibaha, gari zimesimama mpaka upeo wa macho, na rilei ile ile bado haijabadilishwa.